Aliyesindikiza Ndiye Aliyekuwa Mgonjwa

Walikuja siku ya Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, mke mbele na mume nyuma. Mke alikuwa amekumbatia mkoba wenye kiboksi cha chai ya kupunguza tumbo. Mume alikuwa na funguo za gari mkononi, anazichezesha, macho yako mlangoni. Kadi ilikuwa moja tu, ya mke, na mapokezi walishaandika juu yake neno moja: uzito. Mume hakuwa na kadi kwa sababu hakuja kutibiwa.

Mimi ni afisa lishe katika kituo kimoja cha afya mkoani Tanga. Wenye kisa hiki wameniruhusu nikiandike, kwa sharti kwamba majina yao na mtaa wao visitajwe. Mke nitamwita Mama Vitumbua, maana anauza vitumbua. Mume ni dereva wa Coaster ya Tanga kwenda Korogwe, basi tumwite Dereva.

Mama alikuwa na miaka 43, urefu mita 1.58, uzito kilo 94. Dereva alikuwa na miaka 47, urefu mita 1.70, uzito kilo 65, ingawa mizani yeye alipandishwa baadaye, na kwa nini alipandishwa ndicho kiini cha kisa chenyewe. Kwa hesabu ya uwiano wa uzito na urefu tunayoitumia kila siku, yaani kilo ukigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, mama alipata 37.7. Chati iliyo ukutani kwangu inasema 18.5 hadi 24.9 ni uzito mzuri, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Sikuhitaji hata chati. Mtu yeyote aliyekaa benchi lile nje angekuambia nani kati ya wale wawili ana shida.

Dereva naye aliliona hivyo. "Mimi nimeshasema mpaka nimechoka, dokta. Apunguze kula. Aniangalie mimi, tunakula chungu kimoja."

Mama hakumjibu. Alitazama chini, akanisogezea kile kiboksi cha chai niseme kama kinafaa.

Mazungumzo ya nusu saa ya kwanza yalikuwa ya mama peke yake. Anaamka saa tisa usiku kukaanga, saa kumi na mbili yuko njiani na beseni kichwani, anarudi saa nne. Asubuhi hali kitu, kwa sababu jirani alimwambia anayetaka kupungua asile asubuhi. Mchana hunywa ile chai na kwenda chooni mara tano, sita. Saa tatu usiku, njaa ya siku nzima ikiwa imemkaba, anakula ugali wa kushiba kweli, na vitumbua vilivyobaki juu yake, kisha analala. Kwa miezi mitatu alikuwa ametoka kilo 95 kuja 94.

Kwenye kiboksi, kati ya vitu vilivyoandikwa, kulikuwa na sanamaki. Sanamaki bibi zetu wanaijua: ni dawa ya aliyefunga choo. Inalegeza tumbo na kutoa maji mwilini, mafuta haiyagusi. Ukipanda mizani baada ya kuhara utaona umepungua, na ukinywa maji kilo inarudi. Nilimwambia aiache siku hiyo hiyo. Chai za namna hii zinauzwa mitandaoni kila kona, nyingi hazina hata namba ya usajili, na wanaozinunua ni wanawake waliochoka kusemwa. Hili linaniuma kila nikiliona, kwa sababu mtu ametoa pesa ya vitumbua vyake kununua kuhara.

Nilikuwa nafunga mazungumzo pale Dereva alipotia neno tena, safari hii kwa kujisifu kidogo. "Mbona mimi nilikuwa na kitambi, kikaisha chenyewe."

Nikamuuliza kiliishaje.

"Sijui. Kimeisha tu. Mwaka juzi nikipimwa kwa ajili ya leseni nilikuwa kilo 74."

Hapo ndipo nilipomwomba apande mizani. Kilo 65. Tisa zimeondoka kwa muda wa miezi kumi na minne hivi, na mwenyewe hakuwa ameacha chakula wala kuanza mazoezi. Wenzake stendi walikuwa wakimpongeza: umekuwa kijana, umekata kitambi, tupe siri. Nyumbani alikuwa mfano wa kuigwa. Nami nakiri kwamba nusu saa nzima nilikuwa nimekaa mita moja na nusu kutoka kwa mtu huyu na sikumwona. Uwiano wake ulikuwa 22.5, katikati kabisa ya sehemu ya kijani ya chati yangu.

Maswali yaliyofuata yalikuwa mepesi na kila jibu lilinitisha. Unaamka usiku kukojoa? Mara nne, wakati mwingine tano. Kiu? Dumu la lita 5 liko chini ya kiti cha gari na halifiki jioni. Konda wake amezoea: wakifika Muheza wanasimama, wakifika Hale wanasimama tena. Macho? Usiku taa za malori zinatawanyika. Miguu? Inawaka moto akilala, mpaka anaitoa nje ya shuka.

Mama aliyasikiliza haya akiwa amenyanyua uso kwa mara ya kwanza. Kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelibeba muda mrefu bila kujua ni la nani wa kuambiwa. "Halafu kuna sisimizi, dokta."

Choo chao kiko uani, sakafu ya saruji, na kuna ufa karibu na mlango. Kwa miezi kadhaa mstari wa sisimizi ulikuwa ukitoka kwenye ufa ule, unapita ukutani, unaishia pale majimaji yanapotuama. Alidhani watoto wanamwaga juisi ya ukwaju. Akawagombeza. Akamwaga majivu, sisimizi wakatoweka siku mbili, wakarudi. Akamwaga mafuta ya taa, wakarudi. Alinionyesha kwa kidole juu ya meza yangu jinsi mstari ulivyopinda, na alipofika mwisho wa mstari kidole kikasimama, akamtazama mumewe. Nadhani alijua kabla sijasema. Wazee wa pwani walijua maana ya sisimizi kwenye mkojo kabla ya mashine yoyote.

Nilimchoma kidole. 17.4.

"Mimi?" alisema. "Mimi mwembamba huyu? Pima tena." Akaenda kunawa kwa sabuni, akatoa kidole cha mkono wa pili. 17.1.

Kwa mtu mwenye dalili kama zake, sukari ya kupima wakati wowote ikifika milimoli 11.1 kwa lita imetosha kusema ni kisukari. Kesho yake alirudi bila kula wala kunywa chochote zaidi ya maji: 12.8, wakati mpaka ni 7. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilitoa asilimia 10.1, na kisukari huhesabiwa kuanzia 6.5. Hakuna tafsiri nyingine. Mama naye alipimwa asubuhi ile ile kabla ya kula: 5.3, safi. Ila presha yake ilikuwa 152 kwa 96, na ya mumewe 138 kwa 86.

Huyu si mtu aliyekuwa akikwepa huduma. Ndani ya mwaka ule alikwenda zahanati mara mbili, mara ya kwanza kwa majipu shingoni yasiyokauka, mara ya pili kwa miguu kuwaka moto. Mara ya pili aliuliza mwenyewe kama inaweza kuwa sukari, kwa sababu abiria mmoja alimwambia. Jibu alilopewa analikumbuka neno kwa neno: "Wewe huna mwili wa sukari." Akapewa dawa za maumivu na vitamini. Kipimo cha kidole kinachukua sekunde chache. Majipu, miguu kuwaka, mtu wa miaka 46, na hakuna aliyemchoma kidole, kwa sababu alikuwa na umbo zuri. Siwezi kumrushia mawe aliyemjibu hivyo, maana nami ningemwacha aende zake kama asingejisifu. Lakini kosa ni kosa, na mwaka mzima wa sukari kumi na kitu kwenye mishipa midogo ya macho, figo na miguu haurudishwi.

Kilo zile zilikwenda wapi? Hili Dereva aliliuliza vizuri kuliko wengi: "Kama nina sukari nyingi mwilini, si ningenenepa?" Sukari ya damu ni chakula kilicho njiani. Insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayokifungulia mlango wa kuingia kwenye misuli. Insulini ikipungua au ikipuuzwa na mwili, chakula kinabaki njiani, misuli inalala njaa. Sukari ya damu ikipita milimoli 10 hivi figo hazimudu kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo kiu, ndiyo kusimama Muheza na Hale, ndiyo sisimizi. Mwili usipopata chakula kilicho mbele yake unaanza kujila wenyewe, mafuta na nyama ya misuli pia. Alikuwa anakula chungu kimoja na mkewe, kisha sehemu ya chungu anaimwaga chooni. Kukonda kulikopongezwa na stendi nzima kulikuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Kabla ya kutulia kwenye sukari tulimpima pia virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, kama inavyopasa kwa kila anayepungua bila sababu, na hasa kwa kuwa mwenye kisukari huwa na hatari ya kifua kikuu karibu mara tatu ya mwingine. Vyote hakuwa navyo. Daktari alipima ketoni kwenye mkojo, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huyachoma insulini ikikosekana, nazo hazikuonekana. Kwa mtu mwembamba lazima ufikirie pia kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho huacha kutoa insulini, na ambacho huwapata hata watu wazima. Daktari alimwanzishia metformini, vidonge vya kushusha sukari, akamwambia wazi kwamba kama sukari haishuki au uzito unazidi kuporomoka, insulini haitasubiri.

Nataka nikae kidogo kwenye jicho la watu, kwa sababu ndilo lililompoteza Dereva.

Sisi tuliokua miaka ya 1980 na 1990 tulifundishwa kuogopa kukonda. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, yaani ugonjwa wa kukonda. Mtu akipungua kilo mbili watu walikuwa wanaanza kunong'ona. Aliyekonda kama ng'onda alikuwa ama hana kitu, ama ana ndoa mbaya, ama anaumwa. Aliyenenepa alikuwa amenawiri, na kitambi kilikuwa cheti cha mafanikio. Bibi harusi akirudi kwao mwezi wa tatu hajaongezeka mwili, mama yake anaanza kumuuliza maswali.

Halafu dunia ikageuka. Utafiti wa afya ya uzazi na watoto wa mwaka 2004-05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Kisukari nacho kilipanda. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania: chini ya asilimia 1 ya watu wazima walikuwa nacho. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya asilimia 9 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Njia za kupima na watu waliopimwa zilitofautiana, kwa hiyo si sahihi kutoa moja kwa nyingine kama hesabu ya duka, lakini hakuna aliyefanya kazi kliniki miaka hiyo atakayekuambia haikupanda. Basi tukaanza kuhubiri, mimi mmojawapo: punguzeni unene. Tulikuwa sahihi. Ila watu walisikia na kitu ambacho hatukukisema, kwamba mwembamba yuko salama. Jicho lile lile lililokuwa likiona ugonjwa kwa kila aliyekonda sasa linaona afya kwa kila aliyekonda, bila kumuuliza amekondaje.

Chati yangu ya ukutani haisaidii sana hapa. Hesabu yake ilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu na nyota, aliyekuwa akitafuta umbo la wastani katika umma wa watu. Hakuwa akitibu mtu. Inakuambia uzito, haikuambii uzito ni wa nini. Mfano ninaoupenda ni wa madaktari wawili waliojipiga picha mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la Lancet: Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa Uingereza. Wote wawili walikuwa wembamba, wote uwiano wao ulikuwa 22.3. Walipopimwa mafuta ya mwili kwa mashine, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik 21.2. Namba moja kwenye chati, miili miwili tofauti kabisa.

Mafuta yenyewe hayafanani. Yale ya chini ya ngozi, ya makalio na mapaja, ni kama ghala: yanapokea chakula kilichozidi na kukitunza bila fujo nyingi. Yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na kujipenyeza kwenye ini na kongosho, ndiyo yanayoharibu kazi ya insulini. Mtafiti wa kisukari Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, amefanya kazi ndefu kuonyesha kwamba kila mtu ana kizingiti chake: ghala la mmoja linajaa akiwa na kilo 110, la mwingine linajaa akiwa na kilo 74, na likijaa mzigo unamwagikia kwenye ini. Wanawake wengi kabla ya kukoma hedhi wana ghala pana. Nadhani ndivyo ilivyokuwa katika nyumba hii: mama ana pa kuweka, baba hana. Nasema nadhani kwa sababu hatuna mashine ya kumtazama Dereva ini na kongosho. Tulikuwa na kamba.

Kamba ya katani, ya kufungia magunia, Tanga haikosekani. Nilimsimamisha Dereva ukutani, nikakata kamba sawasawa na urefu wake, nikaikunja katikati, nikampa aizungushe kiunoni juu ya kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Kiuno cha mtu kinatakiwa kisizidi nusu ya urefu wake. Alivuta ncha mbili zikutane. Hazikukutana. Kati yake kulibaki nafasi ya vidole vinne. Kiuno sentimita 92, nusu ya urefu wake 85. Ndani ya shati la dereva lililochomekewa, mikono myembamba, shingo nyembamba, kulikuwa na tumbo gumu dogo la mviringo ambalo hakuna aliyekuwa analihesabu. Ukitumia kipimo cha kawaida cha wanaume, sentimita 94, angepita pia. Kamba ilimkamata.

Akamkabidhi mkewe kamba yake mwenyewe, iliyokatwa kwa urefu wa mama. Ya mama ilipungua kwa sentimita 29.

Sasa chungu kimoja. Niliwaomba waandike siku tatu, kila kitu, hata pipi. Mama aliandika kwenye daftari la mtoto la hesabu. Dereva alimsimulia konda, konda akaandika kwenye simu. Chungu kimoja kilikuwa mlo mmoja tu kwa siku. Uliobaki wa Dereva ulikuwa barabarani: chai saa kumi na moja alfajiri, sukari vijiko vinne, na vitumbua vinne vya mkewe, soda Muheza, wali maharage Korogwe na chai tena, vijiko vinne, soda ya kurudia, chai ya jioni kijiweni, na zege saa mbili usiku kabla ya kwenda nyumbani kula ugali. Soda ya mililita 350 ina vijiko vya chai tisa hivi vya sukari. Jumla ilifika karibu vijiko 30 kwa siku, gramu 120. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, ambayo kwa mtu wa kawaida ni gramu 50 hivi, na bora zaidi ni 25. Tunda katika siku zile tatu hakuna hata moja, na anapita katikati ya machungwa ya Muheza yaliyopangwa mafungu kando ya barabara mara nne kwa siku. Juu ya hayo, nusu pakiti ya sigara, na saa kumi na moja za kukaa. Sigara yenyewe huongeza hatari ya kisukari na husukuma mafuta kwenda tumboni, jambo ambalo wavutaji wembamba hawaliamini.

Mama alikuwa akitembea zaidi ya mumewe mara nyingi, na beseni kichwani. Sukari alikuwa anatumia kidogo. Yeye tatizo lake lilikuwa mafuta ya kukaangia, chumvi, na ule mlo mmoja mkubwa wa usiku uliozaliwa na kujinyima mchana.

Siku ya tatu, tukiwa tumeshamaliza, mama aliniuliza kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa na furaha ambayo sikutaka kuivunja: "Kwa hiyo mimi mnene ndiye mzima?"

Nilimwambia hapana. Lilikuwa jibu gumu kuliko la mumewe. Mwanamke huyu alikuwa amesemwa miaka mingi, na hatimaye mashine imemsema aliyemsema. Angestahili kupumzika na ushindi huo. Lakini presha ya 152 kwa 96 ni presha. Magoti yake yanaumia akiinama jikoni. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, wa watu milioni 3.5, uliwafuata pia wanene ambao mwanzoni hawakuwa na kisukari, presha wala mafuta mabaya kwenye damu, yaani wanene wazima kama alivyotaka kujiita. Hata hao, ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata kwa karibu asilimia 50 zaidi ya wenye uzito wa kawaida wasio na matatizo hayo. Ghala pana nalo hujaa siku moja. Kitu ambacho ningemwondolea, kama ningekuwa na uwezo, ni aibu. Aibu ndiyo iliyomnunulisha sanamaki na kumlaza na njaa mchana.

Akatikisa kichwa. "Basi niambie nile nini asubuhi."

Matibabu hayakuwa na ufundi mkubwa. Nilikataa kuandika "chakula cha mgonjwa", kwa sababu chakula cha mgonjwa hupikwa wiki mbili kisha kinaachwa. Chungu kilibaki kimoja, tukabadilisha kilichomo: dona badala ya sembe, maharage na mchicha vikijaza nusu ya sahani, samaki wa mchuzi badala ya kukaanga, chumvi ikae jikoni isije mezani. Soda ndiyo ilitoka kwanza. Chai ilishuka kijiko kimoja kila wiki mpaka akaizoea kavu, na hapo konda alimwambia mama kwamba mwezi wa kwanza hawakuelewana ndani ya gari. Badala ya kukaa kwenye usukani akisubiri abiria, Dereva alianza kuzunguka stendi dakika ishirini baada ya chakula. Mama alianza kula asubuhi: kiazi kitamu au uji wa dona na yai. Vitumbua anaendelea kuuza, ndiyo ada ya shule. Ila vinavyobaki vinakwenda kwa jirani.

Mwezi wa tatu nusura tumpoteze Dereva, tena kwa jicho lile lile. Sukari ilikuwa imeshuka, mkojo hauibi chakula tena, na uzito ukaanza kurudi: 66, 67. Stendi wakamwambia, "Dawa zinakunenepesha, bwana, ulikuwa umekaa vizuri." Akaacha metformini siku kumi na moja. Mama ndiye aliyegundua, sisimizi waliporudi kwenye ufa. Hakumgombeza. Alimwita uani, akamwonyesha mstari, akarudi ndani. Kesho yake walikuwa kwangu wote wawili. Nikamweleza kwamba kilo zile zinazorudi ni misuli na chakula chake mwenyewe kinachobaki mwilini. Kwake kuongezeka kidogo kulikuwa ndiyo dalili ya kupona, na kwa mkewe ni kinyume chake, ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Mwezi wa nane nilikuwa nao tena. Dereva: kilo 68, wastani wa sukari wa miezi mitatu asilimia 7.2, sigara nne kwa siku ambazo bado tunagombana juu yake. Ganzi ya vidole vya mguu wa kushoto haijaondoka na huenda isiondoke. Ametumwa hospitali kupigwa picha ya ndani ya jicho. Mama: kilo 88, presha 134 kwa 84 kwa kidonge kimoja cha amlodipini, na goti la kulia linamruhusu kuchuchumaa. Kituoni kwetu sasa anayesindikiza naye anapewa kadi. Mganga mfawidhi alikubali baada ya kusikia kisa hiki, na katika wiki sita za kwanza tumepata wasindikizaji wengine wawili wenye presha wasiojua kuwa wanayo.

Kabla hawajaondoka waliomba kamba zao. Nilikuwa nimezifunga na kadi zao kwa mpira. Ya Dereva ilipungukiwa vidole vitatu badala ya vinne. Mama aliizungusha yake polepole, akapima pengo kwa kiganja, sentimita 23, akaikunja ndogo ndogo na kuitia kwenye mkoba, mahali pale pale palipokuwa na kile kiboksi.